Mama Yumo Tangini

Frederiksted, St. Croix
4 Juni 1990

Mdogo wangu Ansel,

Pokea salamu, wewe na Delrita na wote wanaotuuliza huko Brooklyn. Sisi huku tu wazima. Mgongo unanisumbua kidogo, lakini huu mgongo unanisumbua tangu nikiwa msichana, kwa hiyo usiufanye habari. Jirani yetu Bi Vashti anakusalimu. Mbuzi wake amezaa mapacha na mmoja amempa jina lako, eti kwa sababu hatulii mahali pamoja.

Wale mafundi wa bara, wa Marekani, walimaliza paa letu mwezi Machi. Ni zuri. Mabati ni mazito na kila kenchi ya mbao inayoyabeba imefungwa ukutani kwa mikanda ya chuma, chumba cha mashariki na cha magharibi. Mkaguzi alipanda juu mwenyewe na kiatu chake cha ofisini, akatikisatikisa, akatia saini. Mvua ya wiki iliyopita haikutudondoshea hata tone.

Ijumaa msimu umefunguliwa. Redioni walisoma majina ya vimbunga vya mwaka huu, moja moja, na dukani watu wote tukanyamaza kusikiliza kana kwamba watoto wetu wanasomewa majibu ya mtihani. Mishumaa ilikwisha kabla ya saa nne asubuhi. Mtu akikukanyaga siku hizi anakuomba radhi mara tatu. Kimbunga Hugo cha mwaka jana kimetufundisha adabu wote.

Mama hajambo. Anakula, anasikiliza redio yake, na kifua hakijambo pia.

Nina haja ndogo. Nitumie betri nene za redio, nyingi kadiri utakavyoweza, na taa ya betri isiyotoa moshi. Na lile koti la sufu alilovaa Mama alipokuja kwenye harusi yenu, kama Delrita bado analo. Nitakushukuru sana. Mimi siku hizi nashinda barabarani nikisubiri lori la maji, maana likinikosa linapita mpaka Alhamisi.

Tarehe 23 Julai ni Siku ya Maombi. Tutamwomba Mungu atuepushe na dhoruba kama kila mwaka, ila mwaka huu nadhani tutaomba tukimaanisha. Ungekuja. Mama anauliza kila siku ni lini utakuja kuliona paa. Simu bado haijarudi huku mlimani, kwa hiyo niandikie.

Dada yako,
Ottilie


Brooklyn
21 Juni 1990

Dada Tilly,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nimelala sebuleni na barafu juu ya goti. Goti hili la kulia limeamua kustaafu kabla yangu. Daktari amesema nisipande ngazi mwezi mzima, na fundi seremala asiyepanda ngazi ni mtu wa kufagia vumbi la mbao tu, ndiyo kazi wanayonipa sasa. Delrita anakusalimu. Anasema nikilalamika tena juu ya goti atalihamishia chumba cha pili.

Kifurushi nimekituma jana. Betri zimo, taa imo, koti limo. Delrita amelifua na kuweka vidonge vya nondo, kwa hiyo mlianike kwanza.

Sasa mimi nakuuliza wewe. Koti la sufu, mwezi wa Juni, St. Croix? Mama ana homa na hutaki kuniambia? Na maji ya lori unayatafutia nini wakati lipo tangi chini ya baraza, kubwa kuliko chumba changu cha kulala? Umeniandikia mwenyewe kwamba mvua imenyesha. Bomba la maji ya paa limeziba? Kama limeziba ni kwenye kile kiwiko cha pembeni mwa jiko, kila mwaka panaziba hapo. Ingiza waya.

Nimefurahi kusikia kuhusu paa. Hao mafundi wa bara wanajua kazi, wana vifaa, na sheria za siku hizi ni kali. Sioni kwa nini mimi nije kukagua kazi ya watu waliokwisha kukaguliwa. Mwambie Mama nampenda na nitakuja goti likikubali.

Mdogo wako,
Ansel


Frederiksted
6 Julai 1990

Mdogo wangu Ansel,

Marahaba, na pole kwa goti. Kifurushi kimefika Jumanne. Koti linanuka nondo mpaka kwa Bi Vashti, lakini limepokewa kwa furaha. Mtoto wa mbuzi mwenye jina lako ametoroka mara mbili.

Bomba halijaziba, Ansel. Nimelikata mimi mwenyewe na kulielekeza bustanini. Tangi ni kavu kwa sababu Mama yumo ndani.

Sikutaka kukuandikia. Nilidhani itakuwa siku mbili tatu. Tarehe mosi Juni, baada ya yale majina kusomwa redioni, alinywa chai yake, akachukua Biblia na mto, akafunua mfuniko pale barazani na kushuka. Siku iliyotangulia alikuwa amemlipa kijana wa Bi Vashti ayachote maji yote na kulipiga deki. Mimi nilidhani anataka tu tangi lisafishwe. Sasa kitanda chake cha kukunja kimo humo, kiti chake kimo, redio imo. Hupanda Jumamosi kuoga na Jumapili hapandi kabisa, anasema Mungu anasikia kutoka popote. Ana miaka themanini na mbili na ngazi ina vipandio tisa.

Nimebishana naye mpaka sauti imenikauka. Nikuandikie tu ya jana.

"Mama, toka basi. Saa tano hii, jua linawaka."

"Nani kakwambia sijui ni saa tano? Redio imesema."

"Sasa unafanya nini humo?"

"Nimekaa. Wewe kaa huko juu, mimi nimekuzuia?"

"Mama, paa ni jipya."

"Limepigwa na nani?"

"Si wale mafundi wa bara."

"Nawajua? Mama zao nawajua?"

"Mkaguzi alilipanda, Mama, ulimwona."

"Ottilie, nisikilize mwanangu. Lile la kwanza alilipiga Ansel. Ansel aliyenitengenezea kiti akiwa na miaka tisa, na ndicho nimekikalia hapa. Kama paa la Ansel liliondoka, basi hakuna paa duniani. Nishushie chai, na usiijaze, inamwagika kwenye ngazi."

Hilo ndilo analosema, asubuhi na jioni. Hamlaumu mtu. Angekuwa na hasira ningejua pa kumshika. Anasema tu kwamba kazi yako ilikuwa bora kuliko zote na Hugo aliiondoa, kwa hiyo jambo limekwisha. Na wewe nilikusimulia tulivyookoka. Upande wa mashariki ulipoanza kubanduka tulishuka humo humo tangini, maji yakiwa magotini, tukasimama tumekumbatiana mpaka kulipokucha. Yeye haoni sababu ya kurudi juu.

Mimi nachota maji kwa ndoo. Lakini hilo si neno. Neno ni kifua chake. Baada ya usiku ule Puerto Rico walimlaza hospitalini miezi mitano kwa ajili ya mapafu, na daktari alisema kwa kinywa chake, asilale penye unyevu. Tangi lile hata likifutwa vipi ni tangi. Kikohozi kimeanza tena, ameanza kukificha kwa kuongeza sauti ya redio. Msimu unakwisha Novemba. Sidhani kama atafika Novemba akiwa humo.

Wewe ndiye anayekuamini. Njoo umtoe.

Ottilie


Brooklyn
24 Julai 1990

Dada Tilly,

Shikamoo tena, na samahani kwa kuchelewa. Delrita amebadilishiwa zamu, na mimi nimekuwa mpishi wa nyumba, na nyumba imepungua uzito. Jana nilikumbuka kwamba mko kwenye Maombi. Nilisimama kidogo pale kazini nikasema amina peke yangu, bosi akaniuliza kama goti linauma.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nimemchorea Mama. Karatasi hii kubwa niliyokunja ni ya kwake. Upande mmoja ni kenchi ya zamani, upande wa pili ni ya sasa, na mishale ni upepo. Mwonyeshe kwamba zamani tulitegemea misumari na siku hizi wanategemea mikanda. Mwambie elimu ya mapaa imeendelea. Mwambie hata mimi nisingeweza kupiga paa kama hilo la sasa. Akiuliza chochote, mwonyeshe mshale mwekundu.

Na usimruhusu apande ile ngazi peke yake. Kipandio cha nne nakikumbuka kilikuwa kinacheza.

Kuja sasa siwezi. Goti bado, na mwezi wa Agosti ndio wenye kazi nyingi, wakiona sipo wataweka mtu mwingine. Nitakuja, lakini si sasa.

Ansel


Frederiksted
2 Agosti 1990

Mdogo wangu Ansel,

Tumeipata barua, na mchoro. Delrita umwambie avumilie, Mama yetu alimvumilia Baba miaka yote ile na Baba alikuwa hajui kuchemsha yai.

Siku ya Maombi ilikwenda hivi. Kanisa lilijaa, watu walisimama mpaka makaburini. Mchungaji hakuhubiri hata robo saa, alisoma majina ya waliouawa na Hugo na baada ya hapo hakuna aliyehitaji mahubiri. Kisha akaja hapa kumwombea Mama, kwa sababu amesikia. Kisiwa kizima kimesikia, Ansel. Akavua kofia, akapiga magoti pale kwenye mfuniko na suruali yake nyeupe, akainamisha kichwa shimoni na kuanza, "Mama yetu Leocadia, Bwana ndiye ngome yetu..."

Mama akamjibu kutoka chini, "Ndiyo, Mchungaji, lakini sogea kidogo, unaniziba mwanga."

Bi Vashti alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Halafu usiku nililia, nikuambie ukweli.

Mchoro wako nilimshushia. Aliusoma na taa, polepole, mshale kwa mshale. Akasema, "Mwanangu anajishusha. Tangu utotoni ndivyo alivyo, ukimsifu anasema kiti kimejitengeneza chenyewe." Ameubandika kwenye ukuta wa tangi kwa uji wa unga wa ngano. Sasa unazidi kumpa sababu ya kukaa humo. Kila anayechungulia anaambiwa, "Unaona hiyo? Mtu aliyejua yote hayo, na bado paa lake lilikwenda."

Jumamosi aliteleza kwenye kipandio cha nne. Kumbe ulikikumbuka vizuri. Alining'inia kwa mikono mpaka nikamshika makwapa. Kifundo cha mguu kimevimba, hakikuvunjika. Kikohozi hakimwachi hata kwa redio.

Ansel, nakuuliza mara moja na sitauliza tena. Katika yote unayoyajua kuhusu lile paa, umenichorea yote?

Ottilie


Frederiksted
28 Agosti 1990

Ansel,

Sijapata barua yako. Huenda iko njiani, huenda haipo.

Juma lililopita kulikuwa na upepo. Haukuwa na jina, ulikuwa upepo tu wa alasiri na mvua nyingi, wa kutulazimisha kuanua nguo. Redio ilikohoa kidogo, Mama akaniita nishuke nifunge mfuniko. Nilishuka. Nilimwonea huruma, na nikuambie, nilijionea huruma na mimi pia. Tangu mwaka jana mlango ukijipiga tu, nakimbilia chini ya meza. Kwa hiyo usidhani mimi ni shujaa na yeye mwoga.

Tulikaa humo kama saa moja, akinisimulia jinsi Baba alivyomposa. Halafu tulisikia mti wa Bi Vashti, ule mkwaju, ukivunjika. Tawi lake kubwa lilianguka barazani, juu ya mfuniko. Nilipanda kusukuma, haukwenda hata unene wa kidole. Nilipiga kelele. Humo ndani kelele zako zinakurudia mwenyewe. Ilipita saa moja nyingine kabla Bi Vashti hajatuona hatupo na kuita wanaume na msumeno.

Nilitoka mbio mpaka barabarani. Mama alibaki chini. Akasema, "Umeona? Mti umeanguka na hatujaumia."

Tangu siku ile siogopi upepo tena kama ninavyouogopa ule mfuniko. Hugo mwingine akija, paa likibaki na ukuta ukianguka barazani, nani atatuona hatupo? Nimemweleza. Anasema nina wasiwasi mwingi.

Kohozi la juzi lilikuwa na uzi wa damu. Alilifunika kwa leso nisilione.

Ottilie


Brooklyn
9 Septemba 1990

Dada Tilly,

Shikamoo. Barua zako zote mbili ninazo. Ya tarehe 2 Agosti ilifika mapema. Iko kwenye mfuko wa koti la kazi, nimetembea nayo mwezi mzima. Goti lilipona siku nyingi, tangu Julai. Delrita ndiye aliyeniambia leo asubuhi, "Ama uandike ama nitaandika mimi." Kwa hiyo naandika.

Hukuuliza bure. Nadhani unajua, au unahisi. Sikukuchorea yote.

Kwa miezi hii nimekuwa nikimwogopa Mama, siyo ndege wala kazi. Naogopa niingie pale nyumbani, aniketishe kwenye kile kiti, na anisifu. Niliposikia Hugo amepita, kabla sijajua kama mko hai, niliwaza upande wa mashariki. Fikiria mtu wa namna gani huyo. Nilipopata habari kwamba mko hai nililia na Delrita akadhani ni furaha, na ilikuwa furaha, lakini haikuwa furaha peke yake.

Karatasi ya pili ni ya Mama. Msomee yote kama ilivyo. Usiipunguze makali kwa ajili yangu, nakujua.

Ansel

*

Mama,

Shikamoo. Ni mimi Ansel.

Lile paa nililolipiga mwaka 1984 halikuwa zuri. Ulilisifu kanisani na mimi nilisimama pale nikapokea pongezi, lakini halikuwa zuri.

Kenchi za chumba cha magharibi, juu ya jiko, nilizifunga zote kwa mikanda ya chuma. Mikanda ikaisha. Mingine ilikuwa inakuja na boti kutoka Puerto Rico, na boti likachelewa. Ndege yangu ilikuwa Jumamosi. Kenchi za mashariki, juu ya chumba chako, nilizipiga misumari mitupu, halafu nikafunga dari haraka ili mtu asione. Nilijiambia nitarudi Krismasi nimalize. Krismasi ikapita, na ya pili, na wewe kila barua unanishukuru kwa paa, nikaona aibu kuandika. Mwishowe nikajizoeza kutoliwaza.

Upepo haukuondoa kazi nzuri, Mama. Uliondoa kazi mbovu, na mtu aliyeifanya ni mimi, na aliyelala chini yake ni wewe.

Hilo la sasa limefungwa pande zote. Ottilie ameniandikia, na mkaguzi ametia saini. Kwa mkanda ninaweza kuapa, kwa sababu najua mahali usipokuwepo panakuwaje.

Nisamehe. Toka humo tafadhali.

Mwanao,
Ansel


Frederiksted
15 Oktoba 1990

Mdogo wangu Ansel,

Salamu nyingi, na kwa Delrita nyingi zaidi, maana naona ndiye mwanamume wa nyumba hiyo. Sote tu wazima, na safari hii nikisema sote namaanisha hivyo. Mbuzi wako amefungwa kamba.

Barua yako ilifika tarehe 19 Septemba, siku mbili baada ya mwaka wa Hugo. Niliisoma jikoni nimesimama. Nikakaa nayo siku nne. Wewe umetembea na yangu mwezi mzima, kwa hiyo huna la kunilaumu.

Nilikuwa naogopa sehemu yangu. Nilijua, Ansel. Nilijua tangu kesho yake asubuhi. Chumba cha magharibi kilibaki na paa lake. Jiko halikulowa hata kidogo, unga ulikuwa mkavu kwenye kopo. Kenchi za mashariki niliziokota kwa Bi Vashti, na hazikuwa na tundu hata moja la mkanda. Mama alitoka tangini hajitambui kwa homa, na ndege ya jeshi ikamchukua, hakuona kitu. Nilizikatakata zikawa kuni za kupikia ugali wa fungi na samaki, wiki tatu, mpaka ya mwisho. Mafundi walipokuja wakalibomoa na lile lililobaki. Mama aliporudi na kuniuliza nikamwambia limekwenda lote. Nilitaka abaki na mwanawe fundi. Sikujua nitamfanya abaki tangini.

Jumapili tarehe 23, baada ya chakula, nililala kifudifudi barazani na kumsomea kupitia mfunikoni. Nilisoma yote. Nilipomaliza nikasikia redio inazimwa.

"Soma tena hapo kwenye mikanda."

Nikasoma.

"Chumba changu tu ndicho hakikufungwa?"

"Chako tu."

"Na la jikoni alilifunga?"

"Alilifunga, Mama."

"Nalo lilikwenda?"

Niliikunja barua. Halafu nikasema, "Lilibaki. Nilikuona unamwamini Ansel, nikashindwa kukwambia. Lilibaki, halikung'oka hata msumari."

Nilidhani analia. Nilichungulia, nikamwona amesimama na taa mbele ya mchoro wako, anaubandua ukutani kwa kucha. Halafu akaanza, na nilikuwa sijamsikia na sauti ile tangu kabla ya Hugo.

"Mpumbavu yule! Miezi minne nimekaa humu kama kasa! Nakohoa! Nakunywa chai ya kumwagika! Eti ndege ya Jumamosi! Kwani hakukuwa na ndege Jumatatu? Shika ngazi, wewe mwongo mwenzake, shika ngazi napanda!"

Alipanda vipandio vyote tisa bila kupumzika, akinitukana kila kimoja. Alipofika juu hakunitazama. Aliingia chumbani kwake, akaangalia dari, akasema, "Hizi mbao zitolewe." Kijana wa Bi Vashti alizibandua Jumatatu. Sasa akilala anaiona mikanda yote, na taa yako ya betri anaitumia kuimulika. Hakunisemesha siku mbili. Lakini hakunisemesha akiwa ndani ya nyumba, kwa hiyo nilikula vizuri.

Kifua daktari amekiona. Amempa dawa, amesema angebaki humo mwezi mmoja zaidi asingempa dawa tena. Kikohozi kinapungua.

Usidhani hofu imekwisha. Mwanzoni mwa mwezi huu kile kimbunga kilipita kaskazini yetu, na mvua ilikuwa ya siku tatu. Kabla haijaanza aliniita barazani akasema, "Unganisha bomba."

"Una hakika, Mama? Likijaa hutaweza kushuka tena."

"Sina. Unganisha."

Nikaunganisha. Tulilala kitanda kimoja siku zile tatu, amenishika mkono mpaka ukafa ganzi, macho juu kwenye mikanda. Paa lilipiga kelele lakini halikwenda popote. Maji yako kwenye kipandio cha sita. Lori la maji sasa nalipungia mkono tu.

Leo ilikuwa Siku ya Shukrani, ya kushukuru kwa kuepushwa na dhoruba. Unajua desturi, kila mwenye la kushukuru anasimama. Watu walishukuru kwa mwaka kupita, kwa wajukuu, kwa mabati. Mama akasimama na fimbo yake. Nikamvuta gauni, akanipiga mkono. Akasema mbele ya kanisa zima, "Mimi miaka sita niliwasumbua hapa na sifa za paa la mwanangu. Leo namshukuru Mungu kwa sababu lile paa lilipigwa vibaya. Lingekuwa limepigwa vizuri na likaondoka, ningefia tangini." Kisha akakaa. Hakuna aliyejua kama aseme amina au asiseme. Mchungaji alitazama kitabu chake. Bi Vashti ndiye aliyeitikia.

Anataka kukuandikia mwenyewe. Namwachia kalamu.

Dada yako,
Ottilie

*

Ansel,

Nimesoma barua yako kwa macho yangu baada ya Tilly kunisomea. Nimekasirika na bado nimekasirika. Kiti chako nimekipandisha, nimekikalia sasa hivi.

Banda la kuku halijapata paa tangu Hugo. Utakuja Krismasi hii, siyo nyingine. Mikanda nimekwisha kununua na iko chini ya kitanda changu. Utapanda wewe juu, mimi nitakaa chini na sanduku, nikupe mmoja, nikuone unaupiga, ndipo nikupe mwingine.

Mama yako